Kabla ya kusema «ni mawazo», mpimeni mgonjwa akiwa amesimama

Hapa kwetu Kivu, mtu akianguka kwenye mstari wa maji mara ya kwanza, tunasema ni njaa. Mara ya pili ni malaria, anapewa dawa. Mara ya tatu ni tifoide, anatiwa seramu. Mara ya nne anapelekwa kwenye chumba cha maombi, na majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Pesa imekwisha, binti ameacha shule, na bado hakuna aliyejua ugonjwa wake.

Malaria ipo, njaa ipo, na hofu ya vita ipo. Lakini kuna ugonjwa mwingine tunaoupita bila kuuona. Mwilini kuna neva zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru: zinaongoza mapigo ya moyo, presha (ile tunayoita tansio), jasho na tumbo. Ukisimama, damu inashuka miguuni, na neva hizo zinapaswa kuirudisha juu haraka. Zikishindwa, unapata kizunguzungu, moyo unakimbia, macho yanaona giza, unaanguka. Ukilala, unapata nafuu. Hiyo nafuu ya kulala ni dalili kubwa, na mgonjwa asisahau kuisema.

Wasikilizaji wengi huuliza: daktari wa ugonjwa huu yuko wapi? Wanafikiri ni lazima kufika Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Goma. Ni kweli madaktari wa neva ni wachache katika nchi yetu, na wengi wako kule. Lakini maoni yangu ni haya: daktari wa kwanza anayefaa ni yule anayekupima umelala, halafu anakupima tena umesimama. Anaweza kuwa muuguzi wa kituo cha afya cha karibu.

Kipimo hiki kinahitaji mashine ya tansio na saa tu. Mgonjwa analala dakika 5, anapimwa tansio na mapigo. Kisha anasimama, mtu akiwa karibu wa kumshika, na anapimwa tena baada ya dakika 1, 3, 5 na 10. Akitaka kuzimia, analazwa mara moja. Namba ya juu ya tansio ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, tansio inaanguka anaposimama. Kama tansio haikuanguka lakini mapigo yamepanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 (kwa kijana wa miaka 12 hadi 19, ni 40), na shida imedumu miezi, inawezekana ni ule ugonjwa ambao madaktari wanauita POTS. Unawapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na mara nyingi unaanza baada ya ugonjwa wa kuambukiza.

Namba peke yake haitoshi. Upungufu wa damu, kukosa maji mwilini, mimba, tezi ya shingo, kisukari na dawa fulani vinaweza kuleta shida hiyo hiyo. Ndiyo sababu hatua ya pili ni daktari wa magonjwa ya ndani kwenye hospitali kuu, apime damu na moyo. Yeye ndiye atakayeamua kama unahitaji daktari wa moyo au wa neva. Anayezimia akiwa anakimbia au anabeba mzigo, mwenye maumivu ya kifua, anayetokwa damu, au mama mjamzito, asingoje: aende hospitali leo.

Wauguzi wataniambia: tuna wagonjwa wengi, dakika 10 tutazitoa wapi? Nawaelewa. Lakini mgonjwa yule yule akirudi mara tano kwa seramu, mmempa muda gani? Anzeni na dakika 3. Na madaktari wakuu wa zoni za afya waandike agizo: anayezimia mara ya pili, apimwe akiwa amesimama kabla ya kuambiwa «ni mawazo».

Kwenu familia zilizohama: kambi za kando ya Goma zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, wengi walirudi vijijini bila karatasi za hospitali, na sasa kila daktari anaanza upya. Nunueni daftari la shule. Andikeni siku, saa, alikuwa anafanya nini alipoanguka, dawa alizopewa, na namba zote za tansio na mapigo. Likunjeni ndani ya nailoni. Mwenye simu apige picha kila ukurasa. Msiongeze chumvi wala dawa kwa kusikia tu, maana anayefaidika na chumvi na anayeumizwa nayo wanaweza kuwa nyumba moja.

Mama, papa, mtoto wenu akisema «nikisimama naona giza», msimwite mvivu. Mpelekeni apimwe, na muombe namba ziandikwe.