Mshika Zamu si Kichwa: Istilahi na Akiba ya Nishati

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akiba haiozi. Usemi huu unaufaa pia ulimwengu wa vihisio, yaani vifaa vidogo vyenye redio na betri vinavyowekwa shambani au mwituni kupima joto, unyevu au nyendo za wanyama, na kutuma habari hizo bila waya. Betri ikiisha, kihisio kimekufa. Kwa sababu hiyo, wataalamu wamebuni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, zinazolenga kuokoa nishati.

Je, itifaki hizo zielezwe vipi kwa Kiswahili? Jibu la haraka ni kutafsiri majina yake neno kwa neno. Jibu hilo halitoshi.

Mwaka 2000, Wendi Heinzelman na wenzake wa Massachusetts Institute of Technology, Marekani, walitangaza itifaki iitwayo LEACH. Humo vihisio hujigawa katika makundi. Katika kila kundi, kimoja hupokea habari za vingine, huzijumlisha, kisha huzituma kwenye kituo kikuu kilicho mbali. Kazi hiyo ni nzito, kwani umbali ukiwa maradufu, nishati ya kutumia ishara huongezeka mara nne au zaidi. Iwapo kihisio kile kile kingeibeba daima, kingekufa mapema. Ndiposa wadhifa huo huzungushwa. Mtafsiri akikiita "kichwa cha kundi", msomaji atadhani ni mtawala wa kudumu, maana kichwa hakihami mwilini. Akikiita "mshika zamu", siri ya itifaki itakuwa imefichuka ndani ya jina lenyewe. Zamu ni neno la walinzi na mabaharia. Alijuaye hahitaji ufafanuzi mrefu.

Hali kadhalika, itifaki ya S-MAC, iliyotolewa mwaka 2002 na Wei Ye, John Heidemann na Deborah Estrin, ilikabili upotevu mwingine. Redio inayosubiri ujumbe usiokuja hutumia nishati inayokaribia ile ya kupokea. Dawa yake ni vihisio kulala na kuamka kwa ratiba ya pamoja. Kiswahili kina msemo wa kutega sikio. Anayetega hukesha, na kukesha kuna gharama. Istilahi iko tayari. Kinachokosekana ni mwanaistilahi aliyeielewa kazi ya kifaa kabla ya kukipa jina.

Wapo watakaodai kwamba, maadamu sayansi katika shule za upili za Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, juhudi hizi ni kutwanga maji kinuni. Wakumbuke kuwa mwaka 2004, watafiti wa Princeton University waliwavisha punda milia wa Laikipia mikanda yenye vihisio, katika mradi wa ZebraNet. Habari zilirithishwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine walipokaribiana, hata zikamfikia mtafiti. Mfugaji anayechunga jirani na wanyama kama hao ana haki ya kujua mkanda ule unapima nini na unampelekea nani habari. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Urasmi huo utabaki wa karatasini iwapo mfugaji huyo hataweza kuuliza swali lake kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Wanafunzi wa Kiswahili, basi, wavuke ua na kuketi na wenzao wa uhandisi. Kamusi itafuata baadaye.