Nyuklia? Tuulize kwanza maswali 'ya kijinga'

Kuna neno moja ambalo likitajwa hapa Kenya watu hugawanyika hata kabla ya sentensi kuisha. Neno lenyewe ni nyuklia. Upande mmoja unaona bomu na saratani. Upande wa pili unaona stima ya bei nafuu, viwanda kila kona na Kenya kugeuka Singapore. Wengi wa pande zote mbili wameruka hatua moja: kuuliza hicho kitu chenyewe ni nini.

Na si jambo la kuchezea. Serikali, kupitia shirika lake la NuPEA, imekuwa ikipanga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000. Mpango wa awali ulilenga Uyombo, Kilifi, kando ya bahari. Ujenzi ungeanza 2027 na stima ianze kutoka 2034. Wakazi wakakataa, na Mei 2024 maandamano yakaishia kwa makabiliano na polisi. Mwaka 2025 macho yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Gharama iliyotajwa ni kama Sh500 bilioni. Ukiwa na miaka 22 leo, wewe ndiye utakayenunua hizo tokeni, na utakuwa umezeeka huku taka za hicho kinu zikiwa bado hatari.

Utasema hayo ni mambo ya maprofesa. Mimi chuo niliacha njiani, karo ilipogoma, kwa hivyo siji hapa na digrii. Lakini hebu nikwambie kuhusu Michael Faraday. Huyu alikuwa mtoto wa fundi wa chuma, London. Shule aliisoma kidogo tu, kisha akawekwa kwa mtu wa kujalidi vitabu ajifunze kazi. Mchana anajalidi, jioni anavisoma. Baadaye, akiwa tayari anafanya kazi maabarani, alishikilia swali linalosikika kama la mtoto: kama stima inaweza kutengeneza sumaku, je, sumaku inaweza kutengeneza stima? Mwaka 1831 akapata jibu. Ndiyo, inaweza, mradi kitu kisogee. Sogeza sumaku karibu na nyaya zilizozungushwa, stima inapita. Karibu kila taa unayowasha usiku leo inatoka kwa lile swali.

Kwa hivyo tuulize.

Mbona sumaku inanasa msumari lakini sufuria haiishiki?

Kwa sababu usumaku unaanzia ndani kabisa, kwenye atomu. Kila elektroni ni kama kijisumaku kadogo. Katika vitu vingi, vijisumaku hivyo vinaelekeana huku na huku hadi nguvu zao zinafutana. Sufuria yako ya alumini iko hivyo. Katika chuma, vingi vinakubali kuangalia upande mmoja, kama abiria wote wa matatu wanaogeuka dirishani kuangalia ajali. Nguvu zikijumlishwa, unazihisi mkononi. Ndiyo maana pia ukikata sumaku katikati hupati upande wa kaskazini peke yake. Unapata sumaku mbili ndogo, kila moja na pande zake mbili.

Na hizi sumaku umezibeba sasa hivi. Ziko kwenye spika ya simu yako, kwenye earphone, na kwenye mota ya boda ya umeme iliyokupita jana bila kelele. Zile zenye nguvu zaidi hutengenezwa kwa madini adimu kama neodimiamu. Madini ya aina hiyo yako hapa kwetu, Kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale, ambako kampuni za kigeni zimekuwa zikimezea mate kwa miaka. Lakini kilima hicho hicho kina thoriamu, madini yanayotoa mionzi. Kabla ya mtu yeyote kuota kinu, Mrima ilikuwa ikitoa mionzi kimyakimya.

Kwani mionzi si sumu ya kutengenezwa na binadamu?

Hapana. Kuna atomu ambazo kiini chake hakijatulia. Zinapotulia, zinarusha nje chembe au nishati, na hiyo ndiyo mionzi. Ndizi ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni ya aina hiyo isiyotulia. Mwili wako pia unayo. Katika mwili wa mtu mzima, kama atomu 4,000 za potasiamu hupasuka kila sekunde. Unasoma makala hii ukitoa mionzi, na jirani yako kwenye mat pia.

Hii haimaanishi kwamba mionzi ni mchezo. Kinachoamua ni kiasi, muda na mahali ilipo. Mionzi mingi inaharibu chembechembe za mwili na inaweza kuleta saratani. Ikipimwa na kuelekezwa vizuri, inatumika kuua saratani hiyo hiyo. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mtambo unaotengeneza dawa zenye mionzi za kusaidia madaktari kuona uvimbe ulipojificha. Sijasikia mtu akiandamana nje ya geti lao.

Tena angalia nguvu ya jina peke yake. Mashine ya MRI ni sumaku kubwa inayoamsha viini vya atomu za hidrojeni mwilini ili ipige picha. Haitoi mionzi hatari. Jina la hiyo mbinu lilikuwa na neno "nyuklia" ndani yake, likaondolewa lisiwatie wagonjwa hofu. Mashine ikabaki ile ile.

Je, stima ya nyuklia ni tofauti na ya Olkaria?

Hapa ndipo utashangaa. Pale Olkaria, mvuke kutoka ardhini unasukuma mapanga ya turbaini, turbaini inazungusha sumaku ndani ya nyaya, na swali la Faraday linajibiwa upya kila sekunde. Zaidi ya asilimia 40 ya stima ya Kenya hutoka kwa jotoardhi namna hiyo. Sasa fikiria kinu cha nyuklia: joto linachemsha maji, mvuke unasukuma turbaini, turbaini inazungusha sumaku. Ni birika kubwa tu. Tofauti ni moto ulio chini ya birika.

Moto wenyewe ni huu. Chembe inayoitwa nyutroni inagonga kiini cha atomu ya urani, kiini kinapasuka vipande viwili, joto linatoka pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo zinagonga viini vingine. Ili mambo yasipite kiasi, kuna fito zinazomeza nyutroni za ziada. Ukizishusha zote, mpasuko unakoma.

Na bado kuna jambo ambalo hawakufundishi ukiwa fomu tatu: karibu nusu ya joto linalotoka ndani ya dunia linatokana na atomu za urani, thoriamu na potasiamu zinazopasuka zenyewe huko chini. Kwa maana hiyo, sehemu ya joto la dunia tunalojivunia Bonde la Ufa ni ya nyuklia. Dunia yenyewe ndiyo kinu, na imejizika mbali na sisi.

Basi kinu kinaweza kulipuka kama bomu?

Kama bomu la Hiroshima, hapana. Bomu linahitaji urani iliyosafishwa hadi karibu asilimia 90 ya ile aina inayopasuka kirahisi. Mafuta ya kinu cha kawaida yako kati ya asilimia 3 na 5. Lakini anayekwambia kwamba kwa hivyo hakuna hatari hajakwambia yote.

Hatari halisi ni joto ambalo haliishi ukizima. Mpasuko ukikoma, vile vipande vilivyobaki vinaendelea kutoa joto kwa siku na miezi. Kinu cha megawati 1,000 za stima kikizimwa, dakika ile ile bado kinatoa joto la kama megawati 200. Lazima maji yaendelee kuzunguka. Huko Fukushima, Japani, Machi 11, 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Kisha tsunami ikaja, ikafurika jenereta za dizeli, pampu zikasimama. Maji yakakauka, vinu vitatu vikayeyuka ndani, gesi ya hidrojeni ikalipua majengo. Maelfu kwa maelfu ya watu wakahamishwa makwao.

Sasa unaelewa kwa nini vinu hutafutiwa mahali kando ya bahari au ziwa: ni kiu ya maji. Na unaelewa kwa nini mvuvi wa Uyombo si mjinga akiuliza maji ya moto yatamwagwa wapi, samaki wa Watamu wataenda wapi, na msitu wa Arabuko Sokoke utabaki vipi. Tsunami ya Desemba 2004 ilifika hadi Pwani yetu. Swali lake ni la fizikia kabisa, hata kama ameliuliza kwa Kigiriama.

Swali ambalo halisikiki

Kuna swali moja naona halipewi nafasi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Stima ya gridi haikai kwenye ghala. Inayotengenezwa na inayotumika lazima zilingane kila sekunde, ndipo sumaku zote nchini zizunguke kwa mpigo mmoja, na stima ibaki kwenye mawimbi 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, mingine inaelemewa na kuanza kujizima mmoja baada ya mwingine. Unakumbuka Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA? Gridi ikiyumba, hivyo ndivyo inavyoonekana.

Matumizi ya juu kabisa ya Kenya yalipita megawati 2,300 mwaka 2025. Ushauri wa kawaida wa shirika la kimataifa la atomiki, IAEA, ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi. Piga hesabu kwenye kalkuleta ya simu. Kinu kimoja cha megawati 1,000 ni zaidi ya mara nne ya hapo. Kikizima siku moja tu kwa hitilafu ndogo, nchi inaelea gizani. Na kumbuka, kinu chenyewe kinahitaji stima kutoka nje ili pampu zake zizunguke kikiwa kimezimwa.

Haya yana majibu. Pengine gridi itakuwa imekua sana ifikapo 2034. Pengine tutajenga vinu vidogo kadhaa badala ya kimoja kikubwa. Pengine tutaunganishwa zaidi na Ethiopia, Uganda na Tanzania. Afrika Kusini imeendesha kinu chake cha Koeberg tangu 1984, kwa hivyo kazi hii haijamshinda Mwafrika. Lakini Koeberg imeshikwa na gridi kubwa mno kuliko yetu. "Pengine" haitoshi kwa Sh500 bilioni. Tunataka hesabu mezani.

Msimamo wangu

Siko upande wa wanaopinga nyuklia kwa sababu ya jina lake, wala upande wa wanaoitaka kwa sababu ya sifa zake. Niko upande wa anayeuliza. Katiba, kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi kama nguzo ya taifa, na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kukaa kwenye tenti, kunywa soda na kutia sahihi orodha ya waliohudhuria si kushirikishwa. Kushirikishwa ni kuuliza na kujibiwa kwa lugha unayoielewa. Afisa anayejificha nyuma ya maneno magumu, ama haelewi anachouza, ama hataki wewe ukielewe.

Finland walianza kujenga kinu chao cha tatu cha Olkiluoto mwaka 2005, na kikaingia kazini rasmi 2023. Taka zao wamezichimbia mahandaki zaidi ya mita 400 chini ya mwamba. Walichukua miaka mingi wakiuliza na kubishana, na hakuna aliyewaita washamba.

Kwa hivyo ukiwa Siaya, Kilifi au Umoja, baraza likiitishwa, nenda na maswali matatu. Kinu kikizimika ghafla saa moja jioni, gridi itashikwa na nini? Stima ya nje ikipotea, pampu zitazungushwa na nini, kwa siku ngapi? Na taka zitakaa wapi, chini ya ulinzi wa nani, mimi nikiwa na miaka 80? Uliza kwa Kiswahili, Kijaluo au sheng. Wakicheka, uliza tena. Wakikujibu, andika.