Neno ‘mafuriko’ haliwaonyi watu wa milimani

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga wetu. Sina nia ya kuwabishia wahenga, lakini yafaa tukumbuke kwamba waliotuachia maneno hayo walikuwa wakitazama anga la pwani, ambako wingu likitanda mvua hunyesha papo hapo lilipotanda. Katika Bonde la Kerio, chini ya milima ya Cherangany, methali hiyo yaweza kumwua mtu. Huko mvua hunyesha mlimani, mbali nawe, na maji yakakufikia bondeni ukiwa umesimama juani, anga likiwa jeupe na vumbi likitimka miguuni pako.

Jambo hili nililishuhudia mwenyewe Aprili moja, nilipokuwa nimewapeleka wanafunzi wangu huko kukusanya msamiati wa kilimo cha mifereji, ambayo Wamarakwet wameichimba na kuitunza kwa karne kadhaa. Tulikuwa tumeegesha gari ndani ya laga, yaani mto mkavu, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na vivuli vya migunga. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri na jua lilikuwa kali. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama, akatazama juu mlimani ambako palikuwa na weusi mdogo tu, kisha akaniambia, “Mwalimu, toa gari hapa. Mto unakuja.”

Nilimwuliza, kwa ule ujuaji wetu watu wa chuo, kama alikuwa amesikia tangazo la mafuriko redioni.

“Sikusema mafuriko,” akajibu. “Nimesema mto unakuja.”

Tulilitoa gari, nakiri kwamba zaidi kwa adabu kuliko kwa kumsadiki. Haikupita nusu saa tukasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, na pale tulipokuwa tumekaa tukila mikate yetu pakapita maji mekundu yakisukuma magogo na mawe ambayo watu wanne wasingeweza kuyainua. Juu yetu halikuwa limeanguka hata tone moja.

Mzee yule alikuwa amenisahihisha katika taaluma yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria jibu lake. Neno mafuriko latokana na kitenzi furika, yaani kujaa hata kupita kingo. Chungu hufurika, kisima hufurika, na Mto Nzoia ukifurika Budalang’i huwafanya watu kuhamia kwenye maboma ya udongo. Picha iliyomo ndani ya neno hili ni ya maji yanayopanda. Mtu huyaona yakikaribia kizingiti, akabeba watoto, godoro na kuku, akaondoka. Kinachotokea chini ya Cherangany hakipandi bali hushuka, tena hakishuki kikiwa maji matupu. Hushuka kikiwa tope, miti na majabali, kwa kasi ambayo haimpi mtu nafasi ya kutafuta viatu. Basi mkazi wa kijiji kilichoko kwenye mteremko anaposikia redioni kwamba yatarajiwa mafuriko, hana kosa akijiuliza, sisi huku juu tutafurikaje? Anazima redio, analala.

Sehemu ya tatizo hili ni ya kihistoria. Kiswahili kilipata msamiati wake wa hali ya hewa kutoka kwa mabaharia na wakulima wa mwambao. Tuna kaskazi na kusi, tuna matlai, tuna demani, tuna masika na vuli. Maneno mazuri yaliyomwezesha nahodha kujua lini atweke tanga. Lugha hii ilipopanda bara ilikuja na maneno hayo yote, lakini haikukuta mtu aliyeketi kuliundia jina lile tope linaloshuka usiku kutoka mlima wa futi elfu kumi. Neno laga lenyewe, ambalo leo ni la kila mtu kaskazini mwa Kenya, tuliliazima kwa wenyeji. Kwa Waoromo laga ni mto. Shuleni nako mambo hayakuwa bora. Wengi wetu tulikaririshwa majira manne ya Ulaya, tukajifunza kusema “majira ya kuchipua” kabla hatujaambiwa kwamba mwezi wa Machi na Aprili katika nchi yetu kavu yenye milima ndio wakati wa kuutilia shaka kila mto mkavu.

Kwa nini hasa miezi hiyo? Kuanzia Desemba hadi Februari bonde hukaangwa na jua hata udongo ukawa mgumu kama kigae. Wakati huohuo kule juu, ambako vilele hupita mita 3,300, kuna baridi na ukungu. Kati ya mlima na bonde mteremko hushuka zaidi ya mita 1,000 katika mwendo mfupi sana. Masika yanapoingia hayaingii kwa utaratibu. Asubuhi huwa shwari, adhuhuri joto huyainua mawingu dhidi ya mlima, alasiri huja radi na mvua ya mawe, na kesho yake pengine pasinyeshe kabisa. Msomaji na apige hesabu hii ndogo: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha alasiri moja juu ya kilomita 10 za mraba za mlima, hizo ni tani 500,000 za maji. Ardhi iliyokauka hushindwa kuyanywa yote, na yanayobaki hutafuta njia ya kushukia.

Hapo ndipo ninapofikia neno la pili linalonisumbua, nalo ni wastani. Wataalamu wetu wa hali ya hewa hutoa utabiri wa msimu kwa kueleza kama mvua itakuwa ya wastani, chini yake au zaidi yake. Kwao wastani ni hesabu iliyopatikana kutokana na miaka mingi ya kupima. Kwa mwananchi, wastani ni kadiri: si nyingi, si haba, haina madhara. Mwanafunzi wa wastani hafeli, na bei ya wastani haimfilisi mtu. Lakini mvua ya msimu mzima yaweza kuwa ya wastani kabisa katika vitabu vya wataalamu na bado sehemu yake kubwa ikawa imenyesha kwa siku tatu. Mtaalamu atakuwa amesema kweli, na msikilizaji atakuwa amepotoshwa. Sijui kosa hili niliite la nani, ila najua kwamba mwenye kulisahihisha ni yule anayesema, si yule anayesikiliza.

Tena kuna suala la saa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, ardhi iliporomoka katika vijiji kadhaa vya Pokot Magharibi, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mwezi wa Aprili 2020, usiku vilevile, maji, matope na mawe viliishukia Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, vikalizoa soko pamoja na watu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya pito lililoziba chini ya reli ya zamani huko Kijabe yalivunja kizuizi, yakateremka hadi Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 40. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 zamu ikawa ya Chesongoch, Marakwet Mashariki, ambako walikufa zaidi ya watu 20. Chesongoch hiyohiyo iliyokuwa imewazika watu wake mwaka 2010 na tena mwaka 2012. Mawili kati ya matukio haya manne yalitukia katika masika na mawili katika vuli. Yote manne yaliwakuta watu vitandani.

Juu ya Mai Mahiu nitaongeza neno moja. Habari za kwanza siku ile zilisema kwamba bwawa lilikuwa limepasuka, na yapo magazeti na redio zilizoendelea kusema hivyo hata baada ya serikali kueleza habari za lile pito la reli. Mtu aliyeambiwa bwawa atakwenda kukagua mabwawa. Hatakwenda kukagua mapito ya reli na barabara yaliyoziba kwa takataka na magogo, ambayo yako mengi chini ya miteremko yetu.

Najua yatakayosemwa. Wako watakaosema kwamba dawa ni kuacha kukata miti huko juu, nami nakubaliana nao. Mlima uliovuliwa msitu haushiki udongo. Lakini mche unaopandwa leo hautamwokoa mtu Aprili ijayo. Wako pia watakaosema, kama wanavyosema viongozi kila baada ya mazishi, kwamba watu wahame. Wanaosema hivyo wangefaa kwanza kuuliza kwa nini watu wako pale. Udongo ulioko chini ya mlima, mahali mito inapotokea, una rutuba kwa sababu uliletwa na mito hiyohiyo, na ndipo maji ya mifereji yanapofika bila taabu. Upande wa bondeni kuna joto, malaria, na hofu ya wezi wa mifugo ambayo imewafukuza wengi kutoka mashamba yao na kuwasogeza mlimani. Kumwambia mtu ahame bila kumwonyesha pa kuhamia ni kumpa maneno badala ya ardhi. Mpaka siku ardhi hiyo ipatikane, kitu ambacho tunaweza kumpa ni onyo analolielewa.

Wala sisemi kwamba Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imelala. Wataalamu wake hutoa taarifa za msimu, za wiki na za siku chache, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 hutoa pia taarifa za kaunti. Katika miaka ya 2000 idara hiyo ilianzisha kituo cha redio huko Kangema, Murang’a, eneo ambalo milima yake huporomoka mara kwa mara, ili watu waambiwe habari za mvua kwa lugha yao. Huko Bunyore nako wataalamu walikaa na wazee wa ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua mashuhuri, wakalinganisha yale wanayoyaona wazee katika miti na wadudu na yale wanayoyaona wao katika mitambo. Hii ni mifano ya heshima. Ninachosema ni kwamba aghalabu taarifa huandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha hutafsiriwa haraka-haraka na mtu asiyewahi kuiona laga ikija, na mwishowe humfikia mkazi wa Tot ikiwa imekonda: mvua kubwa yatarajiwa katika sehemu kadhaa za Bonde la Ufa, wananchi wawe waangalifu. Sehemu zipi? Mto upi? Mtu anayelala aweje mwangalifu?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi wote. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa nao uliazimia kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari za mapema. Sidhani kwamba azimio hilo lilikuwa na maana ya ujumbe wa simu ambao bibi wa Kipokot humpelekea mjukuu amsomee asubuhi, mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Ningependekeza kwamba kabla ya kila masika na kila vuli, kaunti za Elgeyo Marakwet, Pokot Magharibi na Baringo ziwakutanishe mtaalamu wa hali ya hewa, watangazaji wa redio za Kikalenjin na Kipokot, na wazee wa kila mto, watunge matangazo mapema. Tangazo liutaje mto kwa jina lake. Litaje soko na shule zilizoko njiani. Liseme saa, tena lisikome alasiri kana kwamba usiku mvua haina kazi. Mahali pa neno mafuriko pawekwe maneno yanayoonyesha kitu kinachokuja: tope linashuka, mawe yanashuka, mto unakuja. Neno wastani libaki ofisini. Wavukaji nao waambiwe kwa vipimo vya mwili badala ya kukemewa tu, kwamba maji yaendayo kasi yakifika magotini huweza kulibeba gari. Huko Kitui, tarehe 4 Desemba 2021, Mto Enziu ulilimeza basi zima la wanakwaya na zaidi ya watu 30 wakaangamia, wengine wakitazama ukingoni.

Na kwa kuwa simu hailii katika usingizi wa kila mtu, kila kijiji kiwe na mtu wa zamu huko juu usiku wa mvua, mwenye filimbi au kengele, na apewe posho kama wanavyopewa wengine wanaofanya kazi ya umma. Kata nyingi za huko zina vijana waliosomea Kiswahili na lugha zao hadi chuo kikuu na ambao sasa wanachunga mbuzi. Baadhi yao niliwafundisha mimi. Wanaijua mito yote kwa majina, na wanajua baba zao wanamaanisha nini wanaposema mto unakuja. Masika yataingia Machi, na kuyaandika matangazo hayo ni kazi ya wiki mbili.