Piloti otomatiki haiondoi mshika usukani



Tangu tulipofunga piloti otomatiki kwenye boti yetu ya kubeba samaki, kuko swali moja linalorudi kila mkutano: kama mashine inashika usukani, juu ya nini tuendelee kumpa mshika usukani fungu lake? Wengine wamesema wazi akatwe. Sisi wa komite ya boti tunakataa, na tunaomba mtusikie mbele ya kupiga kura.

Boti yetu mnaijua, ni ya mbao na moteri yake ni ya nguvu 40. Inatoka Baraka usiku na ndakala na mikeke, inapanda ziwa mpaka Uvira. Safari ni ndefu, mkono unachoka, macho yanachoka zaidi. Ndiyo maana tulikubali mashine ile, na hatujutii.

Lakini tuelewane inafanya nini. Ina vipande vitatu: kisanduku cha dira, kisanduku chenye vibonye, na mkono wa chuma unaosukuma moteri kushoto ao kuume. Unaipa mwelekeo, dira inaangalia kama boti imetoka njiani, mkono unairudisha. Basi. Haioni mtumbwi, haioni nyavu, haioni jiwe. Kwetu neno piloti ni mtu, na tunafikiri jina lile ndilo lililoleta fujo yote hii.

Siku ya kwanza ilitutia haya. Tuliiwasha tukitazama kaskazini, boti ikaanza kuzunguka taratibu kama kuku mwenye kizunguzungu. Mwenye kutuuzia akasema dira imekufa, tununue ingine. Kijana mmoja wa boti akaomba tungoje. Akachukua dira ndogo ya mkono, akaipitisha karibu na kile kisanduku: sindano ikaruka. Chini ya benchi palepale kulikuwa spika kubwa ya redio, na spika ina sumaku ndani. Kando yake betri za taa na nanga. Tulihamisha kisanduku mpaka katikati ya boti, mbali na chuma na mbali na moteri, kisha kwenye maji tulivu tukazungusha boti polepole kama kitabu cha mashine kinavyoomba, ili dira ijifunze boti yetu. Ikashika njia. Hatukulipa hata faranga. Wiki ya pili ikapotea tena. Safari ile abiria mmoja alikuwa ameweka mfuko wa misumari juu ya kisanduku.

Shida ya betri ilitusumbua zaidi. Piloti ilikuwa inazimika katikati ya ziwa, kila mara mkono unaposukuma kwa nguvu. Betri iliyojaa, ikipumzika, inasoma karibu volti 12.6, na yetu ilisoma vizuri. Ila tulipopima kwenye mashine yenyewe wakati mkono unafanya kazi, umeme ulianguka sana. Kumbe nyaya zilikuwa nyembamba na ndefu, na vichwa vya betri vimejaa unga mweupe. Tulisafisha, tukaweka nyaya nene zenye fyuzi yao, tukaipa piloti betri yake peke yake. Mbele ya hapo ilikuwa inakula pamoja na taa, na moteri zetu hizi ndogo zinachaji kidogo sana, zingine hazichaji hata kidogo.

Hata boti kutembea kama nyoka kulikuwa na dawa: tulipunguza ukali wa mashine, na tukakaza bulongi za moteri zilizolegea. Tunasema haya yote sababu anayetaka kumkata mshika usukani aulize kwanza ni nani atakayefanya kazi hizi saa nane ya usiku.

Na kuko upepo. Kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa nane, upepo wa kusini unavuma na sisi tunaelekea kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanatupiga nyuma. Wimbi linainua mkia wa boti na kuusukuma kando. Mashine inangoja mpaka dira iseme boti imegeuka, ikirudisha, imechelewa. Mtu mwenye kuzoea anasikia wimbi mgongoni na kurudisha mbele ya boti kugeuka. Siku za namna ile tunazima piloti, na hatutaki mtu yeyote wa koperative atuambie tumeogopa bure.

Halafu kuna ule usiku ambao wengi mmeusikia nusu nusu. Ziwa lilikuwa tulivu, piloti inashika vizuri sana, na mshika usukani akasinzia. Mbele yetu mtumbwi wa watu wawili, bila taa. Aliyeuona ni mpakuzi, kwa bahati tu, ameamka kwenda kujisaidia. Akapiga kelele, mshika usukani akachomoa mkono wa chuma na kugeuza moteri kwa mkono wake. Tulipita karibu mpaka tukasikia wale wanaume wakitutukana, na walikuwa na haki.

Wengine wanachukua habari ile kuonyesha kwamba mshika usukani ni mvivu. Sisi tunaona kwamba safari nzima alikuwa peke yake. Tumempa kazi ya kukaa macho bila kazi ya mikono, na hiyo ndiyo inaleta usingizi kuliko zote. Tangu siku ile wanakuwa wawili, wanabadilishana kila saa, na yule mwenye zamu anasimama. Fungu halikupunguzwa, na tunaomba mkutano uandike vile kwenye kitabu. Kama mtalikata, watu wazuri wataenda boti za wengine, tutabaki na mashine na mtoto wa kubonyeza vibonye.

Kuhusu boti ya pili, pesa iliyotengwa kwa piloti yake tunapendekeza inunue kwanza voltimeta yetu wenyewe, nyaya nene, majaketi ya kuokolea watu, na taa ndogo kwa wanamemba wenye mitumbwi ambao bado wanavua gizani. Jibu la mkutano tunalingoja.