Diski ya Bure kwa Kompyuta Kuukuu

Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye duka Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, asikimbilie kununua kompyuta mpya.

Linux Mint ni mfumo endeshi wa bure, na hukubali hata RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali. Ikishachomwa kwenye DVD, mashine huzimwa, ikawashwa tena DVD ikiwa ndani. Kwenye Dell nyingi, kubonyeza F12 huleta orodha ya kuchagulia diski. Mfumo hujaribiwa bila kugusa hesabu za duka zilizohifadhiwa ndani. Mfumo utakwenda polepole, kwa kuwa DVD husomwa taratibu.

Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux na mradi wa Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, ilituma CD za bure kwa posta hadi 2011. Shule za kisiwani sasa zichome diski zao, ziwagawie wanafunzi.