Maji kama chai, maji kama kioo: yapi ya kumpa mtoto?

Mtoto wa darasa la tatu anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia. "Sugua vizuri, mjukuu wangu," bibi anamwambia. "Shikamoo bibi, nasugua kila siku," anajibu, machozi yakimlenga. Mdogo wake, mwenye miezi minane, amekaa mkekani akisubiri uji.

Nyumba za namna hii ni nyingi chini ya Mlima Meru. Mama ana ndoo mbili: moja ya maji ya kijito yenye rangi ya chai, nyingine ya maji ya kisima, maangavu kama kioo. Uji ataupikia yapi? Wengi watachagua kwa macho, na hapo ndipo kosa linapoanza.

Rangi ya chai mara nyingi hutoka kwenye majani. Majani, mizizi na samadi vikioza msituni, shambani au kwenye kinamasi, hutoa asidi za humiki na asidi za fulviki. Zile za fulviki ni ndogo zaidi, na huyeyuka majini vyovyote maji yalivyo. Udongoni ni rafiki wa mkulima, maana hushika madini kama chuma na kuyapeleka karibu na mizizi ya migomba na kahawa. Mvua ikinyesha, huoshwa hadi mtoni.

Mzazi anaweza kuzitambua. Aache maji kwenye glasi usiku kucha. Tope litatulia chini, lakini rangi ya majani itabaki, na hata kitambaa hakiiondoi. Rangi hiyo peke yake si sumu. Tatizo ni kwamba asidi hizi huila klorini. Dawa inayotiwa ili kuua vijidudu huishia kupambana na mabaki ya majani. Kwa hiyo, baada ya nusu saa mzazi anuse maji. Kama hayana hata harufu ndogo ya klorini, dawa huenda imekwisha kabla ya kumaliza kazi. Maji ya namna hiyo ni heri yachemshwe.

Sasa ile ndoo nyeupe. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi, na maji yanayopita ndani yake huyabeba. Floraidi haina rangi wala harufu. Eneo la Maji ya Chai, ukishapita Usa River kuelekea Moshi, jina lake linataja rangi, lakini watafiti wanalifahamu kwa floraidi isiyoonekana. Kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi, huharibu jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka kama minane. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huumiza na mifupa.

Kuchemsha hakusaidii hapa. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki.

Kinachosaidia ni hiki. Mtoto mchanga anyonyeshwe, kwa sababu maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nyingi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa yatengwe kwa uji na kunywa, ya kisima yafulie. Maharage na makande yapikwe bila magadi, kwani magadi nayo huweza kubeba floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo huchoka, na ukichoka maji hayabadiliki rangi wala ladha, hivyo ni lazima yapimwe. Mwenye kisima naye aulize mamlaka ya maji jinsi ya kupima.

Yule wa darasa la tatu hana kosa na mswaki wake. Madoa yake si uchafu, na kumkemea hakutayafuta. Daktari wa meno anaweza kumshauri. Lakini meno ya mdogo wake ya ukubwani ndiyo kwanza yanajengwa. Uji wa leo unayahusu.