NYUMBA NA JAMAA: Rafu ya Bafuni na Gundi ya Kuishika

Bafu huwa chumba kidogo kuliko vyote nyumbani, lakini ndicho kinachodaiwa kuhifadhi vitu vingi: sabuni ya kuogea na ya kufulia, dodoki, jiwe la kusugulia miguu, miswaki, wembe wa baba, mafuta ya mtoto. Visipopewa mahali pake, vyote huishia sakafuni. Sabuni iliyolala ndani ya maji huyeyuka kabla ya wakati wake, na hiyo ni hasara ya mfuko. Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya mtu anayeikanyaga. Mzee, mja mzito au mtoto akiteleza juu ya saruji iliyolowa, huenda akavunjika nyonga au mkono kwa sababu ya kipande cha sabuni kilichokosa kisahani.

Katika tarafa ya Gitambi, wilayani Rusizi, jambo hili lina uzito wa pekee. Gitambi ni jirani ya bonde la Bugarama, sehemu ya Rwanda iliyo chini na yenye joto jingi, ambako mtu hupenda kuoga asubuhi na jioni. Katika bonde hilo ndiko kiliko kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1984, kinachotumia mawe ya chokaa ya Mashyuza, penye chemchemi za maji ya moto. Jamaa nyingi za eneo hilo haziwezi pia kusahau tarehe 3 Februari 2008, siku tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba na kuua watu katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Penye ardhi ya namna hiyo, kitu chochote kinachotundikwa juu ya kichwa cha mtu anayeoga chapaswa kufikiriwa mara mbili.

Swali la kwanza si gundi gani inunuliwe. Swali la kwanza ni ukuta huo ni wa nani. Askari anayekaa katika nyumba ya serikali hana ruhusa ya kuutoboa apendavyo, tena uhamisho huja bila kubisha hodi. Jamaa ya namna hiyo yafaa ichague kifaa kinachohamishika: kigari chembamba cha kusimama pembeni, au kikapu cha plastiki chenye matundu kinachoning'inizwa kwenye bomba imara au kwenye msumari uliokuwapo tangu zamani. Mfuko wa wavu ulioshonwa nyumbani nao hutosha, kwa kuwa hupitisha maji na hewa, na siku ya safari hukunjwa ukatiwa sandukuni.

Mwenye nyumba yake mwenyewe ana njia bora zaidi, nayo ni ya kale. Mafundi wa nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya pwani walijenga vidaka ndani ya kuta, yaani mashimo ya kuwekea vyombo. Kidaka hakihitaji gundi wala msumari, na hakichomozi kumgonga mtu bega. Anayejenga sasa kwa matofali ya kuchoma amwambie fundi aache nafasi hiyo mapema, kimo cha kifua, kisha aipige lipu na kuiinamisha kidogo kwa mbele ili maji yasitulie. Nyumba iliyokwisha simama isichimbwe ovyo, hasa ikiwa ni ya matofali ya udongo, kwa maana kuukata ukuta ni kuudhoofisha.

Ikibaki rafu ya kubandika, ichaguliwe iliyo nyepesi na yenye matundu chini. Plastiki nene au chuma kisichoshika kutu vyafaa. Mbao tupu huvimba na kuota ukungu. Uzito nao uhesabiwe. Lita moja ya maji ni kilo moja, na sabuni ya maji haipungukii sana hapo. Chupa tatu za lita moja ni kilo tatu zinazovuta usiku na mchana. Tena rafu pana hujibandua upesi kuliko nyembamba, kwa sababu uzito ulio mbali na ukuta huivuta kwa juu kama mtu abanduaye stempu. Gundi hustahimili kusukumwa chini kuliko kubanduliwa.

Gundi zenyewe hazilingani. Ile ya matone inayokauka kwa dakika chache hushika kwa msaada wa unyevu mdogo ulio juu ya kitu. Yafaa kwa kisahani cha sabuni kilichopasuka, bali hukatika ikigongwa, nayo hulegea ikikaa majini muda mrefu. Gundi nyeupe ya maseremala ni ya mbao za chumbani; bafuni hulainika. Gundi ya viatu hushika vizuri ngozi na mpira, lakini mvuke wake hulevya na kushika moto. Isitumiwe karibu na jiko wala katika chumba kilichofungwa. Gundi ya mirija miwili, ambayo wengi huijua kwa jina la Araldite, huchanganywa kwa kipimo kinachoandikwa juu ya pakiti, mara nyingi sawa kwa sawa. Hii hushika chuma, kigae na saruji, na maji hayaisumbui; ila isiguswe kwa mkono mtupu, kwani huwasha ngozi. Silikoni huziba nyufa na kubaki laini kama mpira. Ile inayonuka siki haielewani vyema na saruji wala chokaa. Kwa ukuta wa lipu itafutwe isiyo na harufu hiyo.

Wengi huilaumu gundi kumbe kosa ni la ukuta. Gundi haishiki ukuta, hushika kile kilicho juu ya ukuta. Ukiwa umepakwa chokaa, rafu huanguka pamoja na ganda la chokaa. Ukiwa na utando wa sabuni, huanguka pamoja na utando huo. Basi mahali hapo pakwanguliwe hadi saruji ngumu au kigae, pasuguliwe kwa msasa, paoshwe, kisha paachwe pakauke kabisa, hata kama jamaa italazimika kuogea kwenye beseni siku mbili. Lipu mpya ipewe siku 28 ipate nguvu. Rafu ikishabandikwa, ishikiliwe kwa utepe au kwa fimbo ya kuegemeza, na bafu lisitumiwe kwa saa 24.

Gundi ya matone ikinasa vidole, visivutwe. Viloweshwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka viachane polepole. Ikiingia jichoni, kope zisifunguliwe kwa nguvu, bali mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja.

Jambo la mwisho ni mpango wa vitu. Vyenye uzito vikae chini, vyepesi juu, na chupa za kioo zisiwekwe kabisa juu ya kichwa. Dawa ya kung'arisha nguo, kama Jik, na asidi ya kusafishia choo hazistahili kukaa rafu moja, kwani zikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Zote mbili, pamoja na gundi iliyobaki, zifungiwe mahali mtoto asipofika, katika vyombo vyake vya asili. Dawa iliyotiwa katika chupa ya soda imekwisha kuwa mtego, kwani mtoto mwenye kiu haulizi.

Kabla ya rafu mpya kukabidhiwa sabuni, ijaribiwe. Baada ya saa 24 iwekewe chupa za plastiki zilizojaa maji, uzito mara mbili ya ule itakaoubeba, na mlango wa bafu ufungwe hadi asubuhi. Ikianguka usiku, itakuwa imeanguka juu ya sakafu tupu, na kazi itaanzwa upya kwa kuukwangua ukuta vizuri zaidi.